Damu ya Upande wa Abti

Fardowsa, binti yangu,

Daktari wa magonjwa ya damu alinipigia simu kutoka Nairobi jana Alhamisi, siku moja baada ya nikaha yako, akasema majibu yako yametoka. Alisema wewe si mbebaji tu wa hemofilia kama tulivyodhani. Fakta nane, ile protini inayoifanya damu igande, iko chini mwilini mwako kiasi kwamba wewe mwenyewe ni mgonjwa. Nilimwomba arudie. Akarudia kwa maneno yale yale, kisha akaongeza: "Tunaiita hemofilia nyepesi. Lakini siku ya kuzaa hakuna nyepesi."

Habari hii umeshaipata kutoka kwa mama yako. Ninaiweka mwanzo kwa sababu ndivyo nilivyozoea kuandika, na kwa sababu yote mengine yanatoka hapo. Kesho asubuhi gari litakuchukua kwenda Diff, kwa wakwe zako. Abdirashid, ambaye ni mumeo tangu Jumatano, hajui. Mama yake pia hajui, na yeye ndiye atakayetaka kuamua mtoto wako wa kwanza wa kiume atahiriwe lini na nani.

Dawa usizopaswa kumeza, sindano usizopaswa kukubali, vitambaa, maji ya njiani, hayo mama yako ameyasema na atayasema tena kesho mlangoni. Mimi nitaandika yale ambayo sikuwahi kukuambia nikikutazama usoni. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi yangu ya redio; Kisomali changu ni cha mdomo. Na Eddo Khadija, dada yangu, ambaye hufungua kila bahasha inayoingia nyumba hii, hasomi Kiswahili.

Nianze na kaka yako Yusuf. Ulikuwa mdogo alipofariki. Ukiulizwa, husema unakumbuka kofia yake.

Alitahiriwa likizo ya Agosti pamoja na watoto wawili wa adeer yako, ndugu yangu, katika kliniki ndogo ya mtaani, na mhudumu aliyekuwa amewatahiri wavulana wengi wa mtaa wetu. Kisu kilikuwa safi. Ninasema hivyo kwa sababu baadaye watu walisema kilikuwa kichafu, na nilipoulizwa mimi, sikukanusha. Yule mhudumu alifunga kliniki akahama, na hadi leo kuna watu wanaodhani alimuua mwanangu.

Jioni ile binamu zake walikuwa wanadai chakula. Yusuf hakudai kitu. Alikaa kwenye mkeka, kikoi chake kimelowa, tukadhani amejikojolea na anaona haya. Bibi yako alimpaka unga wa manemane. Jirani akaleta majivu. Kulipokucha damu ilikuwa bado inatoka, polepole, bila fujo yoyote. Hilo ndilo watu wasiloelewa kuhusu ugonjwa huu. Hairuki kama ya mbuzi aliyechinjwa. Haikomi tu.

Hospitalini walishona, wakamwongezea damu, ikasimama, ikaanza tena. Daktari wa zamu alikuwa kijana, mgeni kwetu. Aliniita kando akaniuliza, "Mzee, kuna mtu yeyote katika ukoo wenu aliyewahi kutokwa damu isikome?"

Nilijibu hapo hapo. Nilikuwa na jibu tangu utotoni. Unaijua abtirsi, unavyofundishwa kabla hata hujajua kufunga viatu: jina lako, la baba yako, la babu yako, la baba yake babu, hadi ufike kwa mwenye ukoo. Nilimpitisha daktari jina baada ya jina. Huyu aliuawa kwa mkuki. Huyu alichukuliwa na ndui. Huyu alizeeka hadi akawa anabebwa. Hakuna aliyekufa kwa kutokwa damu. Nadhani nilijivuna kidogo, hata pale. Daktari akaandika kwamba ukoo hauna historia ya ugonjwa.

Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu, amekubeba wewe. Daktari hakumuuliza. Mimi sikugeuka.

Walituandikia rufaa ya Nairobi. Yusuf alikata roho ndani ya ambulensi kabla hatujafika Mwingi. Dereva alisimama kando ya barabara akaniuliza kama aendelee au ageuze. Nikamwambia ageuze. Tulimzika baada ya alasiri.

Kazi yangu ilikuwa kuuliza, Fardowsa. Mto Tana ukifurika nilikuwa siwezi kumpita mwanamke mwenye sufuria kichwani bila kumuuliza ametoka wapi na ameacha nini. Bomu likilipuka nilikuwa wa kwanza kutafuta aliyekuwa karibu zaidi. Mtu aliyekuwa karibu zaidi na jibu alikuwa mke wangu, na alikuwa nyuma ya bega langu.

Kisha akazaliwa Liban. Alipoanza kutambaa magoti yake yalikuwa na madoa meusi, na kila mtu aliyembeba aliacha alama za vidole mbavuni mwake. Alipokuwa anatembea goti la kushoto lilivimba likawa kama embe. Bibi yako alisema ni ugonjwa wa baridi, akampeleka kwa mzee anayechoma kwa chuma cha moto. Mimi nilijua anampeleka. Nilikwenda kazini. Makovu unayoyaona gotini kwake ni ya siku ile, na vidonda vile vilitoa damu hadi tukamkimbiza hospitalini tukiwa tumemfunga kwa shuka.

Safari hii daktari alikuwa mwanamke, mtu wa Pwani. Nilianza kumwelezea ukoo wangu. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanipita kwa macho akamtazama mama yako.

"Mama Liban, kaka zako wako wapi?"

Kiswahili cha mama yako unakijua. Alisema, "Kaka yangu mbili alikufa. Moja walitoa yeye jino. Moja alibigwa na fimbo ya ngamia, tumbo ikafura."

"Alipigwa sana?"

"Hapana. Kidogo tu. Ilikuwa mchezo ya watoto."

"Na kaka wa mama yako?"

"Hata huyo," akasema mama yako. "Huyo ni tohara."

Daktari aliweka kalamu chini. Alituambia jina la ugonjwa kabla hata ya kuchukua damu.

Nilimsubiri mama yako uani pale hospitalini, nikamuuliza kwa nini hakusema wakati wa Yusuf.

"Nani aliniuliza?"

"Mtoto alikuwa anakufa, Sahra."

"Nilidhani unajua unachosema. Ulikuwa unataja majina kwa sauti kubwa sana."

Nimesikia majibu mengi katika kazi hii, ya mawaziri na ya majambazi. Sijapewa jingine kama hilo.

Litamke neno abtirsi polepole. Ndani yake mna abti, kaka wa mama. Sijui wajuzi wa lugha wanasemaje kuhusu asili yake na sitadai nisichokijua. Ninachojua ni kwamba nimelitamka maisha yangu yote nikitaja baba na babu peke yao, wala sikumsikia mjomba aliyemo ndani ya neno lenyewe. Na ugonjwa huu hukaa pale pale, kwa abti. Mama huubeba. Akimpa mwana wa kiume, anaumwa. Akimpa binti, binti huuchukua kwenda nyumba nyingine, ukoo mwingine, watu wenye jina jingine. Sisi tunaohesabu kwa baba tunaona kifo kimoja kimoja: mtoto wa watu hawa amekufa kwa kisu, wa wale kwa jino, wa wale kule Wajir kwa kuanguka kutoka kwenye mti. Tunasema ni jicho, au mtahiri mbaya, au siku ilifika. Wanaojua kwamba mama za watoto hao ni ndugu ni wanawake, na hatuna desturi ya kuwauliza.

Daktari alitueleza pia kwamba wako watoto wanaozaliwa nao bila yeyote kuwa nao kabla yao. Na yako magonjwa mengine ya damu ya kurithi, kama ule wa von Willebrand, yanayoweza kutoka kwa baba au kwa mama na kuwapata wa kike na wa kiume sawa. Kwa hiyo mtu asikuambie kwamba damu mbaya ni ya wanawake. Ni damu. Hupita inapopita.

Ningependa kuandika kwamba nilielewa hayo siku ile ile. Sikuelewa. Kwa miezi kadhaa nililala kituoni, kwenye kochi la chumba cha habari, nikisema kuna kazi. Eddo Khadija alikuja huko na thermos ya chai akaniambia maneno aliyoyaona ya huruma: nioe mke mwingine, mwenye kaka walio hai. Nilikwenda Wajir. Nataka ulijue hili kutoka kwangu, kwa sababu mama yako analijua na hajawahi kukuambia. Nilikwenda mara mbili, nikakaa na baba ya msichana, nikanywa maziwa yake ya ngamia.

Sikuacha kwa sababu ya wema wangu. Niliachishwa. Mara ya pili mzee yule aliniambia, "Nimeuliza habari zako. Watoto ni wa baba. Wako mmoja amekufa kwa damu na mwingine anavuja. Binti yangu nimpe nani, kaburi?"

Nilitaka kumweleza kwamba haiji kwa upande wangu. Nikajikuta nataka kumtupa mama yako mbele ya mtu ambaye hata hamjui, ili nionekane mzima. Niliaga. Hesabu iliyokuwa yangu pale hospitalini sasa ilikuwa ya mzee yule, na kwa hesabu hiyo mwenye kasoro nilikuwa mimi. Nilirudi Garissa kwa lori la mbuzi. Mama yako alinifungulia mlango akasema, "Unanuka mbuzi. Hawakukupa hata nafasi mbele?" Akanipashia maji. Hatujazungumza juu ya Wajir tangu siku hiyo.

Ninakueleza haya kwa sababu unakwenda kuishi na mwanamume ambaye nimemwona mara chache. Ni mwalimu, ni mpole, anawasalimu watoto kwa majina. Mimi pia nilikuwa mpole. Upole haukunizuia kwenda Wajir.

Sasa kosa langu la pili, ambalo ni lako hasa.

Baada ya Liban kuanza kutibiwa niliandaa kipindi redioni kuhusu hemofilia. Nilifurahia kipindi kile. Watu walipiga simu kutoka Masalani hadi Mandera. Karibu na mwisho nilimuuliza mgeni wangu, daktari, "Kwa hiyo wasichana wamesalimika?" Akasema, "Kwa kawaida hubeba tu, lakini wapo ambao..." Nikamkatiza. Adhana ya magharibi ilikuwa inakaribia na sikutaka ituingilie katikati ya sentensi. Nikafunga kwa kusema kwamba huu ni ugonjwa wa wavulana, wasichana huubeba bila kudhurika. Nilisema hivyo kwa sauti ile ambayo watu wa kaunti hii wameizoea na kuiamini. Mimi mwenyewe niliiamini.

Ulipong'olewa jino ukiwa kidato cha pili, ulitema damu hadi mto wako ukawa wa kutupwa. Nikasema daktari wa meno alikuwa na mkono mzito. Kila mwezi ulikosa shule siku nyingi kuliko wenzako. Mama yako alinijia, na unajua alivyo mgumu kuyataja mambo hayo mbele ya mwanamume, hata akiwa mumewe. Alisema, "Huyu mtoto anatoka damu kuliko inavyopaswa. Mwenye kujua ni mimi." Nilimjibu, "Hayo ni mambo ya wanawake." Nyumba yenye kaburi moja na goti moja bovu, nami nikajibu hivyo. Alitafuta namna ya kuniambia bila kunikasirisha, akaniambia, nikamfungia mlango kwa neno moja. Mama yako amenisihi nisiliandike jambo hili la hedhi katika barua kwa binti. Nimeliandika. Kunyamaza kwa adabu kumetugharimu vya kutosha.

Ni yeye aliyedai upimwe kabla ya nikaha. Damu ilichukuliwa hapa ikapelekwa Nairobi, ikakaa huko kwa sababu maabara iliishiwa kemikali. Siku ya nikaha ikakaribia. Ningeweza kuomba isogezwe. Wageni walikuwa wametoka Diff, ngamia alikuwa ameshafungwa uani, na nilijiambia kwamba majibu yatasema kwamba unabeba tu, jambo tulilolijua. Kwa hiyo nilikaa mbele ya sheikh nikampa Abdirashid mkono wangu, huku bado ninasubiri simu.

Jana, mwanzo wa jioni, wewe ukiwa kwa wale wanaokupaka hina, tulikaa sebuleni: mimi, mama yako, Eddo Khadija, na Liban ambaye alikataa kutoka.

"Nikaha imefungwa," akasema Eddo. "Mzigo ukishafungwa juu ya ngamia haufunguliwi njiani. Ana wadogo wawili wa kike. Mkilitangaza hili, hao mtawaoza kwa nani?"

"Abdirashid ameniona mguu," akasema Liban.

"Ameambiwa ulianguka."

"Nilianguka wapi?"

"Kwenye ngazi."

"Eddo, nyumba hii haina ngazi."

Hata mama yako alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu Abdirashid alipoambiwa habari ya ngazi nilikuwepo, na nilikuwa nimeendelea kumimina chai.

Nilichukua simu. Mama yako akaniuliza ninampigia nani. Nikamwambia ninampigia baba yake Abdirashid, nimweleze kweli, mwanamume kwa mwanamume, kama inavyopasa. Niliona ninafanya jambo la ujasiri. Nilikuwa tayari kupokea matusi yake.

"Damu ni ya nani?" akauliza mama yako.

"Ya Fardowsa."

"Basi utamjibia na huyu pia?"

Niliiweka simu juu ya meza. Eddo alidhani ameshinda, akaomba chai.

Hajashinda, na mimi sijanyamaza. Abdirashid ni lazima ajue. Hilo silipunguzi. Ila nimewahi kusimama mbele ya mtu aliyeuliza kuhusu damu ya mwanamke, nikajibu mimi, na mtoto akafa. Safari hii mwenye damu atasema mwenyewe. Ukitaka niwe kando yako nitapanda gari kesho. Ukitaka mama yako, atapanda yeye. Ukitaka kusema peke yako, njiani, au mkishafika na vumbi likatulia, hilo ni lako. Kinachonitia hofu ni neno lako la asubuhi, kwamba utamwambia "wakati ukifika." Mwanangu, wakati huu una namna moja ya kufika. Nimeuona.

Hufika hivi. Unashika mimba mwaka huu, inshallah. Mvua inanyesha, barabara ya Habaswein inakatika, na hakuna gari linalotoka Diff. Uchungu unakushika mapema. Mkunga ni hodari, amezalisha mji mzima, na hajui kwamba wewe si kama wengine. Unazaa salama na damu haikomi. Ama inakoma, na mtoto ni wa kiume, na mama mkwe wako, ambaye anakupenda, anamwita mtu wake na wembe mpya kabisa ndani ya karatasi yake, kwa sababu ni safi na ni sunna na ni furaha. Wewe uko kitandani, na wanaume wanazungumza mlangoni, na mtu anauliza kama kuna tatizo lolote katika ukoo. Mumeo atajibu. Atajibu kwa uaminifu, jina kwa jina, hadi mwisho wa mababu zake, na hakuna hata mmoja atakayekuwa ametokwa damu.

Hayo yote yanazuilika. Dawa ipo, ingawa huisha na kurudi, na huja kwa misaada, na huhitaji friji. Mtoto anaweza kupimwa damu ya kitovu kabla mtu hajamgusa kwa kisu, akatahiriwa baadaye hospitalini, akiwa amepewa fakta yake, akalia na kunyonya na kulala. Nimewaona watoto waliofanyiwa hivyo. Liban ni mmoja wao. Alitahiriwa akiwa mkubwa na kesho yake alitaka biskuti. Lakini haiwezekani mahali ambapo mama peke yake ndiye anayejua na mama hajasema.

Sitakuambia kwamba Abdirashid akisikia atabaki. Sijui. Huenda akabaki na mama yake asibaki. Huenda akanyamaza miezi, akalala shuleni, akaja kurudi na harufu ya mbuzi. Huenda akakuandikia talaka, na hao watu wa Diff wakasema tuliwauzia ngamia aliyefichwa kidonda, na hapo watakuwa wamesema kweli. Ikiwa hivyo, rudi. Rudi mchana, watu wakiona. Hakuna atakayekuuliza neno mlangoni, na Eddo Khadija nitamshughulikia mimi.

Lakini ukimwambia, usimwambie kwa maneno yangu, haya ya fakta na protini. Mwambie kuhusu Yusuf. Mwambie goti la Liban lilichomwa na nani na nani alijua. Mwambie kuhusu abti zako wawili: Mohamud, wa jino, na Ibrahim, wa fimbo ya ngamia. Majina hayo nimeyajua kwa muda mrefu. Mengine nimeyajua leo. Baada ya swala ya Ijumaa nilimuuliza mama yako jina la mama ya bibi yake. Hakulijua. Akampigia habaryar wake, mama yake mdogo wa Masalani, na yule bibi kizee akacheka kwenye simu, akasema, "Nani amekutuma? Hilo jina halijaulizwa na mtu tangu alipozikwa." Kisha akalitoa. Kwa hiyo sasa tunakwenda hivi: Fardowsa wa Sahra, wa Faduma, wa Habiba, wa Dahabo. Zaidi ya hapo hakuna anayekumbuka. Nimejaribu kuyasoma majina haya kwa sauti na ulimi unakwama, kwa kuwa haujazoea. Ukijaliwa binti, mfundishe pamoja na yale ya baba yake.

Liban ameketi hapa ananisomea begani tangu ukurasa wa pili na anasema barua ni ndefu. Anataka niongeze: "Mwambie akizaa kijana ampe jina langu. Goti nitabaki nalo mwenyewe." Anasema pia hataki kusikia tena habari ya ngazi. Akiulizwa na shemeji yake atasema anachoumwa, na amekupa hadi Idd umtangulie. Nimemwambia hilo ni jambo lenu wawili.

Mama yako ameweka dawa zako kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku. Ni za kukusaidia damu ikizidi kila mwezi. Hazitoshi kwa uzazi, na daktari alisisitiza hilo mara mbili. Alisema pia kwamba mpango wa mahali pa kuzaa hupangwa kabla ya mimba, na kwamba mtu mmoja hawezi kuupanga akiwa anaishi Diff na dawa iko Garissa. Yeye huja hapa kutoka Nairobi kwa kliniki ya wenye magonjwa ya damu. Atakuja tena Jumanne ya pili ya mwezi ujao, na ameandika jina lako liwe la kwanza, saa tatu asubuhi, chumba cha watoto, kwa sababu cha watu wazima hakipo. Aliniuliza jina la mumeo ili aliandike kando ya lako. Nilimwambia hilo atalitoa Fardowsa mwenyewe, Jumanne hiyo, saa tatu.

Aabo